Ufukwe wa mji: maswali yanayorudi kila mkutano

Maswali haya yanajirudia kila mradi wa ufukwe ukitangazwa, uwe mji wa bahari, wa ziwa au wa mto, kwa hiyo nimeamua kuyaweka sehemu moja. Upande wangu nimeshauchagua na utauona huko mbele: naamini ufukwe unapona au unakufia kwenye njia ya kuufikia, mapambo ni mambo ya baadae sana.

Ufukwe wa mji ni kitu gani hasa, ni ule mchanga?

Ni pale mji unapokutana na maji, pawe na mchanga, ukuta wa mawe, gati bovu au matope. Na usiishie kwenye ukingo. Ramani nyingi zinachora kiukanda chembamba cha kijani kando ya maji halafu nyuma yake kote kunaachwa kweupe kana kwamba hakuna mtu anaishi, wakati mitaa miwili mitatu ya nyuma ndo itakayoamua kama huo ukanda utakuwa na watu Jumanne mchana. Siku ya uzinduzi watu hawakosekani, siku ya uzinduzi haihesabiki.

Ilikuaje miji mingi ikayapa maji kisogo?

Kontena. Lilikuwa na wenzake ila ndo mkubwa wao. Mwaka 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, na makontena 58 kwenda Houston, na kuanzia hapo kazi ya bandari ikabadilika dunia nzima, badala ya mamia ya makuli kubeba magunia kwenye gati la katikati ya mji ikatakiwa kreni, maji yenye kina kirefu na uwanja mkubwa wa kupanga masanduku, vitu ambavyo mji wa zamani haukuwa navyo. Bandari zikahama, maghala yakabaki na popo. Halafu wahandisi wa miaka ile wakaona ukanda mtupu, sehemu kubwa ardhi ya umma, wakapitisha barabara za kasi hapohapo. Jumlisha maji taka yaliyokuwa yanamwagwa bila aibu, nani angetaka kukaa pale?

Tuanzie wapi?

Anza kwa miguu. Toka kwenye nyumba ya mtaa wa tatu nyuma ya ufukwe, tembea mpaka uguse maji, na uwe na mtoto mdogo au mzee wako, sio peke yako na raba zako. Andika kila ulipozuiwa: uzio, geti lenye mlinzi, barabara, ukuta wa ghala, njia iliyoishia kwenye mtaro. Hiyo orodha ndo mpango wako wa kwanza.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano ambao mbunifu alionyesha picha za kompyuta dakika arobaini nzima, miti, maputo, watu wanacheka. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwanangu, mimi navukia wapi?" Yule kijana akarudisha slaidi moja, mbili, tano, akaipata: njia sita za magari, na juu yake kidaraja kimoja cha ngazi. Mama ana gari la mtoto limeegemea kiti. Hakuuliza tena, akakaa tu, na slaidi ile ikabaki ukutani mpaka mtu akazima projekta.

Tukiondoa barabara kando ya maji si foleni itaua mji?

Hili ndo swali la hasira kuliko yote, na jibu lipo kwenye miji iliyoshafanya. Portland, Marekani, walifunga Harbor Drive mwaka 1974, na 1978 bustani ikafunguliwa palepale kando ya mto. San Francisco ilikuwa na barabara ya ghorofa mbili, Embarcadero Freeway, imeziba ghuba yote machoni, tetemeko la Oktoba 1989 likaiharibu, watu wakabishana weee, mwishowe ikabomolewa 1991 na mji haukusimama. Leo pale kuna njia ya miguu, mitende, tramu, na lile jengo la zamani la vivuko limekuwa soko. Seoul nao kati ya 2003 na 2005 waliondoa barabara ya juu wakarudisha mkondo wa Cheonggyecheon, karibu kilomita 6 katikati ya mji.

Magari yanaenda wapi? Mengine yanapita mitaa mingine, mengine yanabadilisha saa, wengine wanapanda treni au basi, na safari nyingine hazifanyiki kabisa kwa sababu tangu mwanzo zilikuwepo kwa vile barabara ilikuwepo. Ila nisikudanganye, huwezi kuifunga tu ukaenda kulala. Lazima usafiri wa umma uongezwe kabla, na malori ya mizigo yapewe njia yake na saa zake.

Kuna wanaosema basi tuichimbie chini. Inawezekana, Madrid walizamisha barabara ya M-30 kwenye mahandaki kando ya mto Manzanares na bustani juu yake ikakamilika 2011, Seattle walibomoa barabara yao ya juu 2019 baada ya handaki kufunguliwa. Inapendeza sana lakini handaki ni pesa za kutoa machozi, na mji wenye bajeti ya kawaida ukiambiwa "handaki kwanza" mara nyingi ina maana mradi umeshauawa kiungwana. Kupunguza njia sita ziwe mbili, ukaweka taa za kuvukia kila mita mia mbili hivi, ni kazi ya rangi na zege kidogo.

Ardhi ya ufukweni ni ya nani?

Uliza hili kabla hujaangalia picha yoyote. Mara nyingi utakuta imegawanywa kama chapati: mamlaka ya bandari, reli, jeshi, kampuni binafsi, halmashauri, na kipande ambacho hati yake haijulikani iko wapi. Ndo maana miji mingi iliyofanikiwa iliunda chombo kimoja cha kushika vipande vyote, Toronto wana Waterfront Toronto tangu 2001, Bilbao, Hispania, waliunda Bilbao Ría 2000 mwaka 1992.

Na kinachookoa ufukwe vizazi vinne mbele ni maandishi. Chicago mwaka 1836 makamishna waliandika kwenye ramani kwamba kipande kando ya ziwa kibaki wazi milele bila majengo. Maneno tu kwenye karatasi! Lakini kuanzia 1890 mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, aliyashika hayo maneno akaenda nayo mahakamani, kesi juu ya kesi mpaka 1911, akashinda, na hadi leo sehemu kubwa ya mwambao wa ziwa pale ni ya watu wote. Wakati anapigana walimchukia kweli. Kwa hiyo mkiahidiwa "ukanda wa umma", ombeni uandikwe kwenye hati na sheria ndogo, pamoja na upana wake kwa mita. Ahadi ya mdomo inahama na aliyeitoa.

Mwekezaji anasema hajengi mpaka apewe mstari wa mbele. Tumkubalie?

Mwekezaji akae nyuma ya njia ya umma. Atapata faida yake vizuri tu, maana anachouza ni mandhari na mandhari anayaona hata akiwa mita thelathini nyuma. Tatizo ni pale jengo linapokanyaga maji, kisha njia ya umma inakuwa "inafunguliwa saa fulani", halafu anawekwa mlinzi, halafu mlinzi anaanza kuangalia viatu vya watu. Nimeona hiyo hatua kwa hatua.

Cha pili, usiweke mji mzima kwenye mfuko wa mtu mmoja. Canary Wharf ya London, mtaa wa maofisi kwenye bandari ya zamani, ulianza kujengwa na kampuni ya Olympia & York, soko la majengo likaanguka, kampuni ikafilisika 1992 na maofisi yakabaki na nafasi kibao. Sehemu ya shida ni kwamba treni ya uhakika ilikuwa haijafika, Jubilee Line ilifika 1999. Bora viwanja vidogovidogo kwa wajenzi wengi, kwa awamu.

Kwa nini tusijenge jumba moja la ajabu kama Bilbao?

Kwa sababu Bilbao hawakujenga jumba moja la ajabu. Guggenheim, lile jumba la makumbusho ya sanaa linalotajwa kila mahali, ilifunguliwa 1997, sawa, lakini metro ilishaanza 1995, mto ulikuwa unasafishwa miaka mingi, bandari ilikuwa inasogezwa kuelekea baharini, na ile taasisi ya ardhi niliyoitaja hapo juu ilikuwa kazini. Watu wameona maua, mizizi hawajaiona.

Mfano wa pili ni Harborplace ya Baltimore, mabanda mawili ya maduka na migahawa yaliyofunguliwa 1980, miji kibao ikaja kuangalia na kunakili. Mwaka 2019 yalikuwa chini ya msimamizi wa mahakama, yamejaa fremu tupu. Maduka yana umri wake. Mtu akikuuzia ufukwe ambao uhai wake wote ni maduka, muulize miaka arobaini ijayo kutakuwa na nini pale cha bure.

Wavuvi, vivuko na mafundi boti waondoke?

Jamani hapana! Hao ndo ufukwe wenyewe. Watu wanapenda kuangalia kazi, boti inapandishwa, nyavu zinashonwa, kivuko kinagonga gati na kamba inarushwa. Granville Island kule Vancouver soko lilipofunguliwa 1979 kiwanda cha zege hakikufukuzwa, mpaka leo malori ya zege yanapita polepole katikati ya watu waliobeba vikapu, na matenki yake makubwa yamechorwa sura za watu zenye rangi kali kiasi kwamba watalii wanayapiga picha. Toronto nao waliweka ufukwe mdogo wa mchanga wenye miamvuli ya waridi, Sugar Beach, mkabala kabisa na kiwanda cha sukari, unakaa kwenye kiti unaangalia meli inashushwa sukari.

Kinachotakiwa ni kupanga nani yuko wapi saa ngapi. Samaki wanashushwa alfajiri, wakimbiaji wanakuja asubuhi, familia jioni, hao hawagombani ukiwapa sakafu inayosafishika, maji ya bomba na mtaro wenye kifuniko.

Watu wakishafika wakae wapi?

Hapa ndo penye utamu, niruhusu nirefushe. William Whyte, Mmarekani aliyekuwa anarekodi kwa kamera watu kwenye viwanja vya New York miaka ya 70, aligundua kitu ambacho bibi yako angekuambia bure: watu hukaa palipo na pa kukaa. Na akaona wakipewa viti vinavyohamishika kila mtu anakisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata sentimita kumi, hata kama hakukuwa na haja, yaani anakifanya chake.

Sasa angalia mabenchi ya fukwe nyingi. Yamepangwa mstari kama ya kusubiri daktari, yote yanatazama upande mmoja, hayana mgongo, yako juani. Mzee hawezi kunyanyuka kwenye benchi lisilo na mikono ya kushikia. Wasichana watatu wanaotaka kupiga stori hawawezi kutazamana. Weka mengine yakitazamana, mengine kwenye kona iliyokingwa na upepo, ukuta mfupi wa sentimita 45 ambao unaweza kukaliwa, na ngazi pana zinazoshuka mpaka majini. Ngazi ni bingwa! Zinabeba watu wengi bila kuonekana zimejaa, na maji yakijaa yanameza mbili tatu za chini, yakipwa zinarudi, mtoto anajifunza bahari bila kufundishwa.

Kivuli kinatakiwa siku ya kwanza. Ukipanda miche mia mbili leo hongera, kivuli chake ni cha wajukuu, kwa hiyo weka vibanda au maturubai imara mpaka miti ikue, na miti iwe ile inayovumilia upepo wa chumvi kama maji ni ya bahari. Na choo. Nimesoma masta plani yenye kurasa mia na zaidi, neno choo lilitokea mara moja, kwenye orodha ya vifupisho. Bila choo mama mwenye watoto anakaa nusu saa anaondoka, mzee haji kabisa.

Walemavu wa miguu nao wataweza?

Wataweza kama mteremko utachorwa mwanzoni. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 unahitaji rampu ya mita 12, na sehemu tambarare za kupumzika njiani. Ikibandikwa mwishoni inakuwa ile rampu ya nyuma ya jengo karibu na mapipa ya taka.

Baiskeli na waenda kwa miguu njia moja?

Zitenganishe pakiwezekana, Vancouver wametenganisha sehemu kubwa ya njia yao ya ukingoni. Mchanganyiko mwembamba ni ugomvi wa kila wikendi.

Tukitoa reli za kuzuilia watoto hawatazama?

Hofu ni halali. Lakini reli ndefu kila mahali inageuza maji kuwa picha ya ukutani, na bado mtu anaipanda na kudumbukia, kisha hana pa kutokea kwa sababu ukuta ni laini na wima. Kinachookoa maisha ni ngazi za chuma za kutokea majini kila baada ya hatua chache, maboya ya kuokolea yasiyofungwa kwa kufuli, taa, kina kifupi pale watoto wanapochezea, na reli pale penye kina kirefu au mkondo mkali. Na watoto wafundishwe kuogelea.

Maji yenyewe yananuka, tunajenga kwa nini?

Basi anzeni na mabomba. Copenhagen bandari yao ilikuwa chafu, wakatumia miaka kurekebisha mfumo wa maji taka na kujenga hifadhi za kushika maji ya mvua yasimwagike bandarini pamoja na uchafu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakafungua bwawa la kuogelea ndani ya bandari hiyohiyo pale Islands Brygge, bure. Singapore mto wao uliwachukua miaka kumi, 1977 mpaka 1987, kuhamisha mabanda ya nguruwe na bata, wachuuzi, boti za mizigo na maelfu ya familia. Mto ulisafishika kweli, ila waliohamishwa hawakuulizwa sana, na hilo lisemwe pia mtu anapoutolea mfano.

Bahari inapanda, si tutajenga kisha izame?

Usawa wa bahari duniani umepanda wastani wa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na jopo la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, linakadiria kufikia 2100 utaongezeka kati ya nusu mita hivi au chini kidogo kama gesi zinazopasha dunia joto zitapungua sana, na karibu mita 1 zikiendelea kuwa nyingi. Kwa hiyo ndio, anayechora leo kwa vipimo vya jana anachora bwawa.

Mfano ninaoupenda ni HafenCity ya Hamburg. Mji ule una kumbukumbu mbaya, mafuriko ya 1962 yaliua watu 315. Walipoanza kujenga upya bandari ya zamani hawakuzungushia ukuta, waliinua majengo na barabara juu ya vilima vya mita 8 mpaka 9 hivi kutoka usawa wa bahari, na njia za kutembea wakaziacha chini karibu na maji. Dhoruba ikija, milango ya chuma ya maegesho inafungwa, njia za chini zinafunikwa, na zikishakauka zinafagiwa maisha yanaendelea. Ina maana chini huweki transfoma, huweki mbao za bei, huweki ofisi.

Samaki na ndege mmewafikiria?

Seattle wamewafikiria kuliko wengi. Ukuta wao mpya wa bahari, uliokamilika 2017, una mikwaruzo na viota vya mwani, na njia ya juu ina vipande vya kioo sakafuni ili mwanga ufike chini, kwa sababu samaki wadogo wa salmoni huogopa kupita gizani. Madrid nao mwaka 2016 waliacha wazi milango ya vizuizi vya mto, maji yakaanza kutembea, visiwa vya mchanga na majani vikajitokeza vyenyewe na ndege wakarudi. Hiyo ya pili ilihitaji tu mtu wa kuacha kufunga.

Kodi za nyumba zikipanda wenyeji si wataondoka?

Ndiyo, wasipolindwa wataondoka, na watakuwa wanakuja kutembea Jumapili kwenye mtaa waliozaliwa. Kinga lazima itangulie ujenzi. Washington, mradi wa 11th Street Bridge Park, bustani ya juu ya daraja kwenye mto Anacostia, uliandaa mpango wa kulinda wakazi miaka kabla ya kuanza kujenga, ukiwa na mfuko wa ardhi wa jamii (ardhi inashikwa na jamii ili nyumba zisipande bei), mafunzo ya kazi na msaada kwa wanaotaka kununua nyumba. Mji ukishatangaza mradi madalali wanafika kabla ya tingatinga, kwa hiyo mkisubiri jiwe la msingi mmechelewa.

Wachuuzi?

Wapewe maeneo yenye maji, umeme na pa kutupa taka, karibu na watu wanapopita. Ukiwapeleka nyuma ya maegesho watarudi mbele keshokutwa, na watakuwa na haki.

Inachukua muda gani?

Mrefu kuliko mihula ya wanasiasa. Ukuta wa kutembelea wa Stanley Park, Vancouver, ulianza 1917 ukaunganishwa wote 1971. Lakini sio lazima usubiri. Paris kuanzia 2002 walikuwa wanafunga kipande cha barabara kando ya Seine kila kiangazi, wanamwaga mchanga, wanaweka viti vya kujilaza, kikiisha magari yanarudi. Watu wakazoea. Upande wa kushoto ukafungwa kwa magari 2013, wa kulia 2016, kwa kelele nyingi, ila kufikia hapo kila mtu alishakaa kwenye kile kiti. Jaribio la wikendi nne na vizuizi vya plastiki linakufundisha zaidi ya ripoti.

Nani atafagia?

Hili linaulizwa na watu wazima waliochoka, na ndilo linaua miradi mingi baada ya mwaka wa tatu. Wafadhili wanapenda kujenga, hakuna anayekata utepe wa ufagio. Brooklyn Bridge Park ya New York waliamua fedha za matunzo zitoke kwenye majengo machache ndani ya eneo la mradi, watu waligombana sana kuhusu hayo maghorofa, ila nyasi zinakatwa. Tena pale kuna kituko: maji ya bandari yalivyosafishika, minyoo ya baharini inayotafuna mbao ikarudi, ikaanza kula nguzo za magati ya zamani, ikabidi zivalishwe magamba ya kinga kwa gharama kubwa. Yaani umesafisha maji na yamekuletea bili.

Mkutano wa wananchi ni wiki ijayo, niulize nini?

Uliza njia ya umma ni mita ngapi na imeandikwa kwenye hati gani. Uliza kutoka mtaani kwako unavukia wapi, na wakuonyeshe kwenye ramani, sio kwenye picha yenye maputo. Uliza bajeti ya matunzo ya mwaka wa tano inatoka fungu gani, maji ya bamvua yakikutana na mvua kubwa yanafika wapi, na wavuvi waliopo wamesaini wapi kwamba wameshirikishwa. Halafu kaa karibu na ile meza yenye michoro mikubwa, wengine wakiwa wanahutubia wewe tafuta choo kiko wapi.